Quarter Horse mtazame nyuma kwanza

Wanunuzi wengi huanza na kichwa na shingo. Mimi daktari wa farasi huzunguka nyuma (kwa mbali kidogo, teke halina adabu). Kwa Quarter Horse wa Marekani, habari yote iko matakoni: nyama imejaa mpaka chini ya mapaja.

Jina lake linatokana na mbio za robo maili, kama mita 400, zilizokimbiwa Virginia enzi za ukoloni wa Mwingereza. Umbali huo haumsubiri anayechelewa kuchanganya. Katika maili nzima Thoroughbred, farasi wa mbio ndefu, atamwacha. Katika robo, Thoroughbred anapoanza kuchanganya, mwenzake keshafika. Sababu mojawapo ni ya kurithi. Wengi wao wana badiliko kwenye jeni ya mayostatini, protini inayozuia misuli isikue kupita kiasi. Breki hiyo ikilegea, huongezeka nyuzi za misuli zenye kasi, zile zile zinazochoka upesi.

Wachungaji wa Texas waliipenda nguvu hiyo kwa sababu nyingine. Ng'ombe anayetaka kurudi kundini hukata kona ghafla, na wa kumziba ni farasi anayeweza kuchutama kwa miguu ya nyuma, akageuka na kufyatuka. Kwenye mashindano ya kutenga ng'ombe, mmoja akishatolewa kundini, mpandaji hulegeza hatamu, na kuanzia hapo farasi huamua mwenyewe. Kwangu hilo linapendeza kuliko hata All American Futurity, mbio kubwa za Quarter Horse huko New Mexico.

Chama cha kusajili farasi hawa kiliundwa mwaka 1940. Baadaye, kwenye maonyesho, misuli ikawa inatafutwa kwa ajili ya macho tu. Dume aitwaye Impressive, aliyezaliwa 1969, aliacha uzao mwingi wenye maumbo ya kuvutia, na ndani yake ugonjwa wa misuli wa kurithi uitwao HYPP. Kwa mgonjwa, milango inayopitisha sodiamu kwenye misuli haifungi sawasawa. Potasiamu ikipanda damuni, farasi hutetemeka, huanguka, pengine hufa. Ndiyo maana mwenye ugonjwa huu simruhusu lusini (majani ya mifugo) wala molasi, vyenye potasiamu nyingi.

Tangu 2007 mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na mama hasajiliwi. Aliyerithi kwa mzazi mmoja bado anakubaliwa, jambo nisiloafiki. Kwa hiyo nikishayasifu matako, hung'oa nywele chache za mkia pamoja na mizizi yake, nikazituma maabara. Bei tutaizungumza majibu yakirudi.