Kabla hujamwaga jiki, angalia ile pembetatu kwenye lebo

Wiki iliyopita mteja wangu wa drai klina kaja na gauni jeupe mkononi analia kabisa, lilikuwa la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, kaliloweka na jiki usiku kucha asubuhi limegeuka njano. Nikageuza lebo ndani nikamwonyesha, pembetatu imepigwa X, na chini yake imeandikwa lina spandex, ule uzi unaovutika. Sikuwa na cha kumsaidia na imeniuma hadi leo, kwa sababu klorini ya jiki ikishakula uzi wenyewe hiyo njano sio uchafu tena, huitoi.

Watu wengi wanajua nguo nyeupe ni jiki tu, hapana jamani. Pembetatu tupu ndo ruksa. Ikiwa na mistari miwili ya mshazari ndani, tumia zile dawa za kung'arisha zisizo na klorini. Ikiwa na X usiweke kitu. Sufu, hariri na spandex zote haziivani na jiki hata nguo iwe nyeupe pee.

Sasa ile picha ya beseni. Namba ya ndani, 30 au 40 au 60, ni joto la mwisho la maji, sio kwamba lazima uchemshe ufike hapo. Sisi tunaofua kwa mkono na maji ya bomba kitu cha kuangalia zaidi ni vistari chini ya beseni, kimoja maana yake fua taratibu, viwili taratibu sana, yaani usifikiche wala usikamue kwa kunyonga. Masweta ya mitumba mengi lebo yake ina picha ya mkono ndani ya beseni, yaani fua kwa mkono, halafu pembeni kuna mraba wenye mstari umelala katikati, hiyo inakwambia anika limelazwa, ukilitundika kwenye kamba limejaa maji ule uzito unalivuta chini na mikono inarefuka hadi vidoleni.

Kwenye picha ya pasi hesabu nukta. Moja ni kama nyuzi joto 110, mbili 150, tatu 200. Kanzu za polista na mabaibui mara nyingi ni nukta moja au mbili, ndo maana ukipiga pasi ya moto mkali kifuani panabaki pameng'aa kama pamepakwa mafuta. Na pasi ya mkaa haina pa kupunguzia moto, kwahiyo geuza nguo nje ndani, tandika kipande cha kanga ya pamba juu, anza na upindo wa chini kwanza uone inapokeaje.

Ule mduara wenye herufi P au F ni wetu sisi wa drai klina, wewe ukiuona tu leta.

Alama hizi zinasimamiwa na GINETEX, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1963, na ni michoro ili hata asiyejua lugha ya nchi nguo ilikotoka aelewe. Kama lebo inakuwasha shingoni kata, lakini ipige picha kwanza, ukiniletea nguo nionyeshe hiyo picha kwenye simu.