Kamera haili bando

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu huko chini ya bahari na intaneti ya nchi ikawa ya kusuasua, mimi fundi wa kamera za ulinzi simu yangu haikupumzika. "Fundi, kamera zimekufa." Hata moja haikuwa imekufa. Mteja wangu wa Goba nilimwambia awashe TV ya sebuleni, ile tuliyoichomeka kwenye rekoda, kile kisanduku kinachotunza picha za kamera. Kimya kidogo, halafu: "Ah! Kumbe gari naliona."

Watu wanadhani kamera ya Wi-Fi haifanyi kazi bila intaneti, na lawama naitupia neno Wi-Fi. Hapa mjini mtu akiuliza "hapa kuna Wi-Fi?" anataka kujua kama kuna intaneti ya bure. Lakini Wi-Fi yenyewe ni mawimbi ya redio tu. Kamera inarusha picha, rekoda inaidaka na kuiandika kwenye diski yake (hard disk), na safari yote inaishia ndani ya geti lako. Intaneti inahitajika pale unapotaka kuiona picha hiyo ukiwa Kariakoo na nyumba iko Kigamboni, au kamera ikutumie taarifa mtu akipita.

Zile seti za kamera nne au nane zinazokuja na rekoda yenye antena ndizo rahisi kuliko zote, maana rekoda yenyewe inatoa Wi-Fi yake na mara nyingi kamera zimeshaunganishwa nayo tangu kiwandani. Ukiwa umenunua kamera moja huku, nyingine kule, utahitaji ruta katikati. Ruta ya zamani iliyolala kabatini inatosha, haina haja ya laini wala bando. Kazi yake ni kugawa anwani, zile zinazoanza na 192.168, ili vifaa vijuane. Hakikisha tu kamera na rekoda zote zinakubali ONVIF, yaani lugha ya pamoja ya vifaa vya kampuni tofauti, la sivyo zitakuwa kwenye mtandao mmoja na bado hazisalimiani.

Za kujihadhari nazo ni zile ndogo za kukaza kwenye holda ya taa kama balbu. Nyingi hazianzi kazi mpaka zisajiliwe kwa programu ya simu, na usajili huo unataka intaneti. Basi washa hotspoti, sajili, weka memori kadi, kisha jaribu kabla fundi hajaondoka: zima data, subiri nusu saa, chomoa kadi uone kama kuna kitu. Muuzaji akikwambia "inarekodi tu, kaka", mwambie aizime intaneti hapo hapo dukani akuonyeshe.

Kuangalia kwa simu bila intaneti kunawezekana ukiwa hapo nyumbani. Unaunganisha simu na Wi-Fi ya rekoda, unafungua programu. Watu wanakwama hapa: simu ikigundua Wi-Fi hiyo haina intaneti inahamia kwenye data kimyakimya, na programu inasema kamera haipo. Zima data kwanza.

Nafasi ya diski ni hesabu ya duka tu. Kamera inayorusha megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86, kwa hiyo diski ya TB 1 inakupa siku kama 11, kisha inaanza kufuta za zamani. Anayekuahidi miezi mitatu kwa diski hiyo mwulize picha zitakuwa na ubora gani.

Na jamani, "isiyo na waya" haina waya wa picha tu. Kwa kamera nyingi wa umeme upo pale pale, na LUKU ikiisha kamera inazima kama feni.

Sasa saa. Hapa ndipo rekoda isiyo na intaneti inapoumiza watu. Mama mmoja wa Tabata alivunjiwa duka usiku. Jirani alisikia bati likigongwa kama saa tisa. Mama akafungua rekodi za saa 6 usiku mpaka saa 11 alfajiri, mwizi hayumo. Nilipofika, shikamoo haijaisha kuitikiwa, ananiambia rekoda ni ya magumashi.

Nikamwomba aicheze tena. Kwenye kona ya picha imeandikwa 03:02, na anayeonekana akishusha shata ni yeye mwenyewe, mkoba begani.

"Mama, saa tisa usiku ulikuwa unafunga duka?"

"Nimefunga saa nne, nikaenda kulala."

Rekoda ilikuwa na saa ya China, saa 5 mbele yetu, kama ilivyotoka kiwandani. Fundi wa kwanza hakuigusa. Mwizi tukamkuta kwenye 08:14, mtu anatambaa juu ya kreti za soda, picha nyeusi na nyeupe ya giza totoro, eti saa mbili asubuhi.

Kwenye mipangilio weka GMT+3 kwanza, yaani saa za Afrika Mashariki, halafu dakika sawa na za simu yako. Bila intaneti rekoda haina wa kumwuliza saa, itateleza taratibu. Ndani yake kuna betri bapa, mara nyingi CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila umeme ukirudi tarehe inaruka nyuma, kwenye nyingine mpaka mwaka 2000, na rekodi za jana unazitafuta usizipate ingawa zimo. Betri hiyo haifiki bei ya chipsi yai.

Kwa mama wa Tabata nimebandika karatasi juu ya rekoda: kila tarehe 1, linganisha na simu. Juzi kanipigia, imechelewa dakika mbili. Ameirekebisha mwenyewe.