Nani anashika stopuwachi

Jumanne ya wiki ya tatu ya muhula nilisimama mlangoni mwa maabara ya mwaka wa kwanza, sikuingia. Jaribio lilikuwa la pendulamu: uzi, gololi ya chuma, rula na stopuwachi. Wanafunzi walikuwa wamekaa wanne wanne. Badala ya kutazama vipimo, nikatazama mikono. Karibu kila meza iliyokuwa na msichana, msichana ndiye aliyeshika kalamu. Mvulana anaachia gololi, mwenzake anabonyeza stopuwachi na kutaja sekunde, msichana anaandika.

Nilipouliza meza moja nani aliwapangia hivyo, walishangaa. "Tumejipanga wenyewe, Madam. Mwandiko wake mzuri." Na kweli ulikuwa mzuri. Hakuna aliyemsukuma pembeni, hakuna aliyemtukana. Lakini majaribio kumi yakipita namna hiyo, mmoja anajua sindano ya voltimita inavyocheza waya ukilegea, mwingine anajua kupiga mistari ya jedwali. Kisha mwaka wa tatu, wakati wa kuchagua mradi, sisi walimu tunakaa kikaoni tukiulizana kwa nini wasichana wanaikimbia elektroniki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika idara nyingi za fizikia wapo wanafunzi wanaokaribishwa vizuri, wanapewa kiti, wanahesabiwa kwenye ripoti ya udahili, na wanamaliza miaka mitatu hawajapewa jembe. Nimefundisha fizikia chuoni kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa wasichana wachache darasani kwangu. Siku hizi idadi ya waliodahiliwa hainitoshi. Nataka kujua nani anagusa kifaa, nani anauliza swali, na swali likishaulizwa linapokelewaje.

Kuhusu swali, sisi Watanzania tuna kisa chetu wenyewe, na dunia nzima ya fizikia inakijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake aliwahi kuweka mchanganyiko ambao hakuuchemsha, na Mpemba, asikose nafasi, akaingiza wake ukiwa bado wa moto. Baada ya saa moja na nusu wake ulikuwa umeganda, wa mwenzake ulikuwa bado uji. Akamuuliza mwalimu wake. Akajibiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hakuacha. Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba wao huweka maziwa yakiwa ya moto makusudi, kwa kuwa huganda haraka. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena wakati wa somo la kupoa kwa vitu. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, hata hesabu, darasa zima lilimwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Siku Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokwenda kuzungumza shuleni hapo, Mpemba alisimama akauliza lile lile. Wenzake wakacheka, na wengine wakamlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne alisema atajaribu. Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, naye fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Nikiwasimulia wanafunzi hapo huwa natulia kidogo. Vipimo viko mezani, na fundi bado anaamini vipimo ndivyo vilivyokosea. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Mpemba wakati huo alikuwa akisomea mambo ya wanyamapori.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma. Aliyelipa jina tukio linalojadiliwa na wanafizikia mpaka leo hakuishia kwenye fizikia. Sina haki ya kumsemea, pengine alipenda wanyama kuliko kipimajoto. Ila namfikiria kijana aliyechekwa na wenzake na kuambiwa na walimu wawili kwamba alichokiona kwa macho yake hakikutokea. Nafikiria pia wauza aiskrimu wa Tanga, waliokuwa na ujuzi huo mikononi bila mtu kuwauliza.

Ndiyo maana sasa jaribio la kwanza la mwaka wa kwanza kwetu ni la Mpemba, si pendulamu. Kila meza ina bika mbili, maji ya nyuzi 25 na maji ya nyuzi 90, kipande cha povu la plastiki chini yake, na zamu kwenye friza. Nimelichagua kwa sababu halina jibu la nyuma ya kitabu. Wapo watafiti waliochapisha kwamba tukio halipo kabisa na kwamba hata mahali kipimajoto kilipowekwa panaweza kukudanganya. Wapo wanaolitetea kwa mvuke unaopotea, kwa gesi zilizoyeyuka ndani ya maji, au kwa namna maji yanavyozunguka ndani ya chombo. Aliyetoka shule yenye maabara ya kisasa na aliyetoka shule ya kata ambako praktiko zote zilichorwa ubaoni wanaanzia mahali pamoja. Mimi pia naanzia hapo hapo, na wanaliona hilo usoni mwangu.

Habari ya shule ya kata ilinifungua macho, kwa sababu mwanzoni nililiona tatizo kuwa la wasichana peke yao. Tulipoanza kugawa kazi kwa zamu kwenye karatasi yenye majina (leo wewe unashika chombo, yule anapima, yule anaandika, na wa nne kazi yake ni kuuliza "umejuaje?") mvulana mmoja alikuja ofisini akaniomba nimwache abaki mwandishi. Nilimbana kidogo, akasema hajawahi kushika amita maisha yake yote, anaogopa kuiunguza mbele za watu. Alikuwa na alama nzuri sana za kidato cha sita. Tangu hapo tuna saa mbili kila wiki za maabara kuwa wazi bila alama, bila ripoti: unaingia, fundi yupo, unaunganisha nyaya utakavyo, fyuzi ikiungua unabadilisha.

Zamu peke yake haitoshi kama darasa lenyewe ni la kukariri. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipoacha kuhutubia mfululizo na kuwapa wanafunzi maswali wabishane wao kwa wao darasani, yeye na wenzake walichapisha mwaka 2006 kwamba pengo kati ya wavulana na wasichana katika kuelewa dhana za msingi lilipungua. Sisi hatuna vifaa vyao vya kupigia kura. Tunatumia vidole: kimoja, viwili, vitatu, kila mtu anaweka kifuani ili jirani asione. Kisha wanabishana.

Na wakibishana, wanabishana kwa lugha gani? Hapa naomba wenzangu wanivumilie, kwa sababu kwenye kikao cha idara ndipo sauti hupanda. Wanafunzi wetu wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakutana na fizikia kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza wanasema, wengine wanakaa kimya, na sisi tunauita ukimya huo udhaifu wa fizikia.

Chukua neno nguvu. Mtu ana nguvu, betri imeisha nguvu, gari lina nguvu, upepo una nguvu. Neno moja linabeba kile kinachopimwa kwa niutoni, kinachopimwa kwa juli na kinachopimwa kwa wati. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba gari lililozimwa injini linaendelea kwenda kwa sababu kani (force) bado imo ndani yake. Aliandika kwa Kiingereza safi kabisa, na kwa miezi sikuelewa kosa linatoka wapi mpaka nilipomwambia anieleze kwa Kiswahili. Akasema, "Lina nguvu bado." Tukaligawa neno: kuna kani, inayosukuma au kuvuta kutoka nje, kuna nishati, ambayo gari linayo kwa sababu ya mwendo wake. Ilichukua dakika kumi. Maneno yenyewe hatukuyatunga sisi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990. Na mchapuko (acceleration) je? Unatoka kwenye kuchapua, na kila mtoto aliyewahi kutumwa dukani ameambiwa achapue mwendo. Kumbe alijua tayari kwamba mchapuko si kasi yenyewe, ni kasi inavyobadilika.

Wanaopinga wana hoja ya kweli: mtihani ni kwa Kiingereza, majarida ni kwa Kiingereza. Pia tuna wanafunzi kutoka nchi jirani ambao Kiswahili chao ni cha kubabaisha. Kwa hiyo ripoti zinaandikwa kwa Kiingereza, na kwenye semina kila kundi linabishana kwa lugha inayowatosha wote waliokaa pale. Nilichokataa ni ile sheria isiyoandikwa kwamba ukiuliza kwa Kiswahili umejidhihirisha hujui.

Mambo mengine ni ya ratiba na ngazi tu. Praktiko za jioni zilikuwa zikiisha saa moja usiku, na waliopanga mbali na chuo, hasa wasichana, waliondoka kabla ya kukamilisha vipimo. Tulizihamishia asubuhi, baada ya vita virefu na mpanga ratiba. Maabara iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Mwanafunzi wetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikuwa "akisamehewa" praktiko na kupewa vipimo vya wenzake achore grafu. Tuliita huruma. Yeye aliniambia anataka kukosea mwenyewe. Meza mbili ziko chini sasa, kwenye chumba kilichokuwa stoo.

Lipo na lile linalosemwa kwa kunong'ona. Msimamizi mmoja akiwa na mamlaka yote juu ya mradi, alama na barua ya kumtambulisha mwanafunzi, mlango wa rushwa ya ngono uko wazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa, lakini msichana wa miaka 21 haanzi na sheria, anaanza na hofu. Tumeweka wasimamizi wawili kwa kila mradi, na alama za mradi hazitolewi na mtu mmoja. Hatua hiyo ni ndogo, na nisingekubali kufundisha tena mahali isipokuwepo.

Wanafunzi wakiniuliza kama fizikia ina nafasi yao, sipendi kuwapamba kwa maneno. Nawaambia kuhusu Jocelyn Bell Burnell, mwanafizikia wa nyota. Alipokuwa akisoma Glasgow, kila alipoingia ukumbini wavulana walipiga miluzi na kugonga sakafu kwa miguu. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, aliziona ishara za pulsa, yaani nyota zinazotoa mapigo ya redio, kwenye karatasi za darubini ya redio. Nobeli ya 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3 hakubaki nayo. Aliitoa yote kuwasomesha uzamivu wa fizikia watu wa makundi yasiyoonekana sana kwenye fani hii. Aliamini kwamba kujiona mgeni pale Cambridge ndiko kulikomfanya akague kila alama kwenye karatasi zile.

Muhula ujao jaribio la Mpemba litakuwa gumu kidogo, friza yetu moja imekufa. Nimeongea na mama anayeuza barafu za ubuyu karibu na kantini, amekubali tutumie friza yake Jumanne asubuhi. Nilipomweleza tunachotafuta, aliniambia yeye ubuyu wake huwa hausubiri upoe, maana akisubiri anawakosa wateja wa saa nne. Nimemwomba siku hiyo aje maabara, awaambie wanafunzi mwenyewe.