Fyuzi inalinda nini?

Kauli kwamba fyuzi ni ya kulinda amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, nimeisikia tena wiki hii, kwenye gereji moja Kizota, Dodoma, mbele ya lori la Fuso lililotoka kushusha mahindi ya Kibaigwa. Dereva alikuwa anafungiwa sabufa. Utingo akauliza ile fyuzi kubwa ni ya nini, na fundi akamjibu bila kuinua kichwa: "Ya kulinda amplifaya, dogo." Akaifunga nyuma ya kiti, karibu kabisa na hiyo amplifaya, kazi ikaisha. Pale nilinyamaza kwa sababu gari si langu. Hapa sinyamazi.

Fyuzi ni kipande chembamba cha metali kinachoyeyuka umeme ukizidi kiwango, njia ikakatika. Hilo mnalijua.

Shida inaanzia kwenye jina. Tumelitoa kwa Waingereza, nao asili yake wameitoa kwenye kitenzi cha Kilatini fundere, kuyeyusha au kumimina. Wana neno jingine linalotamkwa vilevile, lile la utambi wa baruti, ambalo halina undugu na hili: limetokana na fusus, kijiti cha kusokotea uzi. (Fuso nayo haimo, hilo ni jina la kale la Japani.) Nahisi mkanganyiko huo ndio umetufanya tuseme fyuzi "imelipuka", kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoharibu. Haijalipuka. Imeyeyuka, na kuyeyuka ndiyo ajira yake. Anayelalamika kwamba fyuzi ni mbovu kwa kuwa inaungua kila siku, kisha akaiviringishia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au akaweka ya ampea 100 penye 50, amemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga filimbi.

Kauli ya fundi ina mizizi, nakiri. Mwaka 1847 Mfaransa Breguet alishauri vituo vya telegrafu viwekewe waya mwembamba ili radi ikipiga, uyeyuke wenyewe na kuokoa vyombo na nyaya za ndani ya jengo. Kwa hiyo mashine ilikuwemo kwenye hesabu tangu zamani, hata kabla Edison hajapata hataza ya fyuzi yake Marekani mwaka 1890. Lakini nyaya nazo zilikuwemo, na ndizo tulizozisahau.

Sasa turudi kwenye lori. Betri ziko chini kwenye chesesi, ile fremu ya lori, mbili za volti 12 zilizoungwa zikatoa 24. Amplifaya nyingi za magari ni za 12, na fundi wetu alifunga kipunguza volti, nampa haki yake. Wapo wanaochukua umeme kwenye betri moja tu, hiyo ikabaki na njaa huku mwenzake akijazwa kupita kiasi. Kutoka kwenye betri waya unaambaa na chesesi, kisha unaingia kabini kupitia tundu la bati. Kabini hiyo hulazwa mbele kila injini inapokaguliwa, waya unavutwa. Rafu rodi nayo inausugua kutwa. Niliinama nikachungulia: tundu halikuwa na mpira wa kukinga. Waya wa zamani, wa redio iliyotangulia, ulikuwa bado umepita humo, ganda lake jekundu limeliwa upande mmoja, shaba inang'aa kama sarafu mpya. Na huu mpya umepitishwa papo hapo.

Siku shaba itakapogusa bati, ambalo limeungwa na upande hasi wa betri, betri itamwaga mamia ya ampea kwenye waya huo. Fyuzi iko nyuma ya kiti, ng'ambo ya pale palipogusa, kwa hiyo umeme huo hauipitii hata kidogo. Ni kama bomba limepasuka mtaani, nawe unakimbilia kufunga koki ya jikoni. Waya unakuwa mwekundu, plastiki inashika moto, na godoro la utingo liko hapo hapo.

Ndiyo maana fyuzi kubwa hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, na ampea zake hupimwa kwa unene wa waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 8, wekea fyuzi ya ampea 50, hata kama boksi la amplifaya limeandikwa wati elfu mbili. Ule wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa bei rahisi, hubeba pungufu. Amplifaya ina fyuzi zake ndogo ubavuni, zile za miguu miwili, na hata hizo, mara nyingi transista, vile vipande vya ndani vinavyokuza sauti, hufa kabla yazo.

Nikimkuta tena yule fundi nitamwambia hivi: kazi safi, kaka, ila ile ni fyuzi ya kulinda waya. Isogeze kwenye betri.