Meya wa mji mdogo hupiga kura lini?

Katika jimbo la North Carolina, Marekani, jibu linategemea kwanza meya alifikaje kitini.

Kama alichaguliwa na wananchi, sheria ya jimbo, kifungu cha 160A-69, inampa kiti cha kuongoza kikao, lakini kura hana mpaka madiwani wafungane. Kama madiwani ndio waliomchagua kutoka miongoni mwao, anapiga kura kwa kila hoja kama diwani yeyote. Hoja ikifungana, basi, hawezi kupiga mara ya pili. Ajabu ni kwamba aliyebebwa na kura za mji mzima ndiye anayenyamazishwa. Hati iliyoanzisha mji inaweza kupanga vingine, kwa hiyo isomwe kabla ya kubishana.

Tuchukue baraza la madiwani watano na meya aliyechaguliwa na wananchi. Hoja ni kununua gari la taka. Diwani mmoja anaumwa, wanne waliobaki wanagawanyika wawili kwa wawili. Hapo meya anapata sauti: akisema ndiyo, kura zinakuwa tatu, gari linanunuliwa. Sasa tuseme wamekosekana madiwani wawili, na kura ni mbili kwa moja. Ukumbini watu watapiga makofi, kumbe hoja imeanguka. Kutumia fedha za umma kunataka kura za zaidi ya nusu ya madiwani wote, yaani tatu, na meya haruhusiwi kuongeza yake kwa kuwa hakuna sare. Lakini angekuwepo diwani wa nne akakaa tu bila kunyoosha mkono wala kupewa ruhusa ya kutopiga kura, kimya chake kingeandikwa "ndiyo" na gari lingepatikana.

Wengine huiita kura hii ya meya kura ya turufu. Siyo. Turufu hufuta kilichokwisha kupitishwa, na mameya wengi wa jimbo hilo hawana. Wa mji wa Charlotte anayo.

Meya akisafiri, makamu wake huongoza kikao akiwa bado na kura yake ya udiwani.

Na meya huyu asiye na kura huhesabiwa kwenye akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Kwa baraza letu hili akidi ni watu wanne, naye yumo. Siku madiwani wawili wakikosekana na meya akabaki nyumbani, watatu waliofika watafunga makabrasha yao waondoke.