Ni sikoseli au woga wa mtihani?

Moko, yaani mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ikikaribia, walimu wa bweni na wazazi hapa Mbeya huniuliza swali lile lile: "Dokta, huyu mtoto anaumwa sikoseli kweli au anaogopa mtihani?" Huulizwa kwa upole, lakini ndani yake mna tuhuma kwamba mtoto anajitia ugonjwa. Huwa nawajibu kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli, na la pili likaamsha la kwanza.

Sikoseli, au selimundu, ni ugonjwa wa kurithi usio na ubishi. Katika kinasaba kinachoelekeza utengenezaji wa himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, herufi moja tu imebadilika. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, anaumwa. Akiirithi upande mmoja, ni mbebaji na kwa kawaida haumwi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba, maana wapo wanaodhani wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watasalimika.

Himoglobini hiyo ikiwa imebeba oksijeni haina neno. Ikishaiachia, huanza kushikana na kujipanga nyuzi ngumu, na chembe nyekundu ya damu hupinda mfano wa mundu. Ila kujipanga huko kunahitaji muda kidogo, na chembe nyingi huwahi kupenya mishipa midogo na kurudi mapafuni kabla hazijapinda. Basi jambo kubwa ni damu inakawia kiasi gani njiani.

Hapo ndipo msongo wa mawazo unapoingia. Mtu akishikwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na neva hubana mishipa midogo ya ngozi na viungo. Kwa wengine matokeo yake ni viganja vya baridi tu. Kwa mwenye selimundu damu inakawia, chembe zinapinda na kuziba njia, na mfupa uliokosa damu unauma hata morfini huhitajika. Baridi nayo hubana mishipa vilevile. Sasa chukua mwezi wa saba, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kijana ameoga maji ya baridi alfajiri, hajanywa maji tangu jana kwa kuwa kwenye baridi kiu haiji, na mtihani wa hesabu ni saa mbili. Hajifanyi.

Nimesikia pia kwamba "sikoseli si ya huku juu, ni ya watu wa Kyela," yaani kule chini kando ya Ziwa Nyasa. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kuwa wabebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea zaidi penye mbu wengi kuliko milimani. Lakini watu hawakai walipozaliwa. Mtoto wa Kyela anasoma Njombe, na kinasaba kilichowafaa babu zake kwenye joto la ziwani kinakutana na ukungu wa asubuhi.

Na hata wenye selimundu hawaumwi sawasawa. Wengine hubaki na himoglobini nyingi ya utotoni, ile ya mtoto aliye tumboni, na hao hupata nafuu; dawa ya haidroksiurea hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuipandisha.

Presha ya damu, ambayo nayo huhusishwa na urithi na mawazo, ni habari nyingine. Huko hakuna herufi moja ya kulaumiwa. Mamia ya sehemu za vinasaba huchangia, kila moja kidogo sana. Tafiti za mapacha na familia huweka mchango wa urithi kati ya asilimia 30 na 50, lakini hesabu hiyo inaeleza tofauti kati ya watu wengi. Haisemi kwamba nusu ya presha yako wewe ni ya mama yako. Isitoshe, ukoo hurithishana na chumvi ya mboga pia.

Ila msongo usibebeshwe kila kitu. Vidonda vya tumbo tuliambiwa kwa miaka mingi kuwa ni mawazo, hadi Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikuu. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984, akapata uvimbe kwenye utando wa ndani wa tumbo. Tuzo ya Nobel ikawafikia 2005. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia vidonda vyake ni vya mawazo, naagiza kwanza kipimo cha bakteria, kisha namuuliza anameza mara ngapi kwa wiki diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nayo huweza kuleta vidonda. Mawazo tunayazungumza pia, majibu ya maabara yakishatoka.