Je, wajua kwa nini vifungo vya askari huokotwa mahali ambapo vita havijawahi kupiganwa?

Huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, wanaotembea mashambani na ditekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali, huokota vifungo vya jeshi vya karne ya 18 na ya 19. Shamba moja laweza kutoa vifungo vya rejimenti, yaani vikosi vikubwa vya jeshi, mbili tatu tofauti, na ukiuliza wazee wa hapo, hapakuwa na kambi wala mapigano. Vilifikaje?

Vilikuja na mitumba. Koti la askari lilikuwa la sufu, na sufu haikutupwa ovyo. Askari akipewa koti jipya, la zamani liliweza kuuzwa, likavaliwa na kibarua, likatiwa viraka mpaka likawa tambara. Matambara yalikuwa na soko lake. Kuanzia miaka ya 1810, viwanda vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, viliyachana na kuyasokota upya kuwa nyuzi. Yasiyofaa hata kwa hilo yaliuzwa kwa wakulima kama mbolea, kwa sababu sufu ina naitrojeni nyingi na huoza polepole. Wakulima wa hopsi, mmea unaoipa bia uchungu wake, waliipenda sana, na Kent ni nchi ya hopsi. Kifungo kilichosahaulika kwenye tambara kilizikwa pamoja nalo.

Kwa hiyo kifungo kimoja shambani hakithibitishi kwamba askari alifia hapo. Linganisha na Vilnius, Lithuania, ambako mwaka 2001 wajenzi walifukua kaburi la halaiki lenye mabaki ya watu zaidi ya 3,000 wa jeshi la Napoleon, mtawala wa Ufaransa, waliokufa kwa baridi, njaa na maradhi wakirudi kutoka Urusi mwaka 1812. Pale vifungo vilikuwa pamoja na mifupa, na namba zake zikawaambia watafiti rejimenti za marehemu. Vifungo hivyo pia vinatia shaka ile hadithi maarufu kwamba vifungo vya bati vya Wafaransa viligeuka unga kwa baridi. Ni kweli bati safi likikaa chini ya nyuzi 13 za Selsiasi laweza kugeuka polepole kuwa unga wa kijivu, lakini likichanganywa na metali ya risasi huhimili zaidi.

Waingereza nao waliamuru mwaka 1767 kwamba vifungo viwe na namba ya rejimenti. Ukiona 33, hiyo ni rejimenti aliyoiongoza Arthur Wellesley kabla hajawa Duke of Wellington, jenerali aliyemshinda Napoleon huko Waterloo. Cha askari wa kawaida kilikuwa cha mchanganyiko wa bati hadi 1855, shaba ya njano ilipochukua nafasi yake; cha afisa kilipakwa fedha au dhahabu. Mwaka 1871 namba ziliondolewa kwenye vifungo vya askari wa kawaida, wote wakapewa nembo moja ya kifalme. Geuza kifungo cha shaba: mara nyingi nyuma kuna jina la mtengenezaji, pengine na mtaa wake wa London au Birmingham. Karakana zilihamahama, hivyo anwani peke yake yaweza kukupunguzia miaka ya kubahatisha.

Hayo yote yameandikwa kwenye ngozi nyembamba ya metali, ndiyo maana mimi namwona anayekisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba kama mtu anayefuta barua kabla ya kuisoma. Siki na limau ni vibaya vilevile: asidi hula shaba iliyo chini ya dhahabu, na dhahabu inabanduka. Loweka kifungo cha shaba katika maji yaliyokusanywa kutokana na mvuke wa maji yanayochemka, maana ya bomba huwa na klorini, kisha ondoa udongo kwa kijiti cha mti kilicholainishwa ncha. Kikauke kivulini. Rangi ya kijani iliyoshikamana vizuri iache, ndiyo inayokilinda. Unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta ni habari nyingine, hiyo ni chumvi inayoendelea kukila, mpelekee mtaalamu wa makumbusho.

Cha bati kisiloweshwe kabisa kama kingo zake zinamomonyoka. Mara nyingi kitanzi chake cha nyuma ni cha chuma, na kutu ikivimba hukipasua. Udongo ukikauka, piga kwa brashi laini tu, na ukiishaona namba, acha hapo.